Mtunzaji ni Nabhan

Asubuhi, kabla hajamnyanyua mama mkwe wake kitandani, Masuda alikuwa na kazi yake ndogo asiyoonyesha mtu. Aliifungua kanga, akaibana kwa kiganja ile ngiri iliyomtoka karibu na kitovu, akairudisha ndani, akajifunga tena kwa nguvu mpaka pumzi ikawa fupi. Ndipo alipoinama na kupitisha mikono nyuma ya mgongo wa Bi Zuwena.

"Tayari, mama?"

"Niko tayari tangu adhana. Wewe ndiye hujesha kujifunga."

Akamnyanyua. Bi Zuwena alikuwa mwembamba, lakini mtu aliyepigwa na kiharusi upande mmoja huwa mzito kwa namna yake. Ule upande uliokufa hausaidii kitu, unaning'inia tu na kukuvuta chini. Kutoka kitandani mpaka kiti cha magurudumu, kutoka kitini mpaka chooni, kutoka chooni mpaka kigoda cha kuogea, kisha njia ile ile kurudi. Ikifika zamu ya kumvisha, ngiri ilikuwa imeshachungulia tena, na Masuda aliibana kwa kiwiko huku mkono mwingine ukitafuta kifungo cha sidiria.

Nyumba yenyewe ilikuwa Bur Dubai, juu ya maduka ya vitambaa. Masuda aliletwa humo akiwa bi harusi kutoka Unguja. Kwao hakusomeshwa. Baba yake alisema Kurani inamtosha, na kweli aliisoma mpaka akahitimu, lakini tangazo lililobandikwa kwenye lifti alikuwa akingoja mtu apite amsomee. Wakwe zake ni watu wa huko huko Unguja waliohamia Dubai tangu enzi za babu, wakabaki na Kiswahili chao ndani ya nyumba na Kiarabu nje. Mumewe, Nabhan, alikuwa msimamizi wa magari katika hoteli moja Al Garhoud, yale yanayopeleka wageni uwanja wa ndege. Huko huko Al Garhoud akaoa mke wa pili, akahamia.

Siku aliyohama hakugombana na mtu. Alikunja kandura zake, zile kanzu za huko, akamwambia Masuda, "Mama kazoea hapa, na wewe kakuzoea. Mimi nitakuwa naja."

Akawa anakuja Ijumaa, baada ya sala, na boksi la halua. Anambusu mama yake kichwani, anakaa, anatazama simu, anaondoka. Bi Zuwena akishamaliza kumwombea dua mwanawe mpaka mlango umefungwa, humgeukia Masuda: "Nipeleke chooni, nimejizuia tangu kaingia." Talaka Masuda hakupewa, na ndoa nayo hakuiona. Alipewa mama wa mtu.

Sasa daktari alikuwa amesema ile ngiri ikatwe. Mara mbili Masuda aliahirisha, kwa sababu mtu akikatwa ngiri hanyanyui kitu kizito kuliko birika kwa wiki nyingi, na Bi Zuwena si birika. Mara ya tatu daktari hakutabasamu. Alimwambia utumbo ukinasa humo, hapatakuwa na habari ya kupanga siku tena. Akampa Jumapili.

Kwa hiyo Masuda alihitaji jambo moja tu: mtu wa kumnyanyua Bi Zuwena mpaka yeye apone. Na mtu huyo angepatikana mahali pamoja tu, kituo cha kuhudumia wazee majumbani. Bi Zuwena alikuwa na mpango wake wa huduma huko tangu alipotoka hospitali na kiharusi chake. Mpango ule uliandika anahitaji nini na nani anamfanyia, na kila mwaka walikuja kuupitia upya. Ukiandika kwamba msaada uongezwe, msaada unaletwa. Usipoandika, haletwi mtu.

Muuguzi wa kituo aliyekuja kumpima Bi Zuwena presha alikuwa Mtanzania wa Bukoba, anaitwa Paskazia, mwanamke wa maneno mengi na mikono myepesi. Wiki moja kabla ya kuja kuupitia mpango, alimvuta Masuda jikoni.

"Dada Masuda, nisikilize. Jumatano nakuja na madam Atheer. Ndiye anayeandika. Mwaka jana mlifukiza udi mpaka unanukia kwenye lifti. Bibi mkamkalisha sebuleni kama bi harusi anayengoja kutunzwa. Unajua madam aliandika nini? Hali nzuri, msaada mdogo."

"Mimi nilijuaje anaandika?"

"Ndiyo nakwambia mwaka huu. Usifagie. Usifukize. Bibi akae kitandani kwake. Tukute mnavyoishi."

"Mgeni aingie akute pampasi mlangoni?"

"Mimi siyo mgeni, niko kazini."

"Kwetu sisi akishabisha hodi ni mgeni."

"Basi sitabisha," Paskazia akasema, wakacheka. Lakini alipokuwa anavaa viatu alirudia, bila kucheka safari hii: "Usimpambe, dada. Nakuomba."

Masuda akaazimia. Siku zote zilizobaki alijisemea moyoni, Jumatano sigusi kitu.

Jumatano, chai haijapoa, Bi Zuwena akauliza mbona chetezo kiko juu ya kabati.

"Leo hatufukizi, mama."

"Wageni hawaji?"

"Wanakuja. Wamesema wakukute kitandani."

Jicho zima la Bi Zuwena likamtazama mkwewe kuanzia miguuni kupanda juu. "Nani kasema? Yule Mhaya?"

"Wanataka wakuone ulivyo."

"Mimi nilivyo ni hivi? Na kanga ya kulalia, na kichwa wazi? Nimekuja nchi hii nikiwa mwari, sijapata kupokea mtu nikiwa nimelala. Hata siku ya msiba wa mume wangu nilikaa. Watasema nini, mwana? Watasema Bi Zuwena kaangukia kwenye mikono ya mkwe mchafu. Mimi sisemi. Watasema wao."

Masuda akasimama mlangoni na ufagio ambao hakukusudia kuushika. Alijua nini kitatokea akikubali. Alijua vile vile kuwa hawezi kumwacha mama wa watu alie kwa aibu. Na kulikuwa na jambo la tatu, ambalo lilimuuma zaidi kwa kuwa lilikuwa lake: yeye mwenyewe hakuweza. Mama yake alimfundisha kwamba nyumba ikitazamwa, anayetazamwa ni mwanamke wa nyumba hiyo. Mkono ukaanza kufagia. Pampasi zikaingia chini ya kitanda. Bi Zuwena akaogeshwa mara ya pili, akapakwa marashi nyuma ya masikio, akavikwa gauni la Idi na shela nyeupe, akakalishwa kwenye kiti kikubwa cha sebuleni, mto ukapachikwa upande uliokufa ili asiiname. Kahawa ikatiwa hiliki. Chetezo kikashuka kabatini.

Adhuhuri ilipopita kengele ikalia. Alikuwa Nabhan. Kandura yake ilikuwa imenyooka, ndevu zimechongwa, na mkononi ana boksi la tende kubwa kuliko kawaida.

"Umejuaje kuwa ni leo?" Masuda akamwuliza.

"Si wananipigia mimi. Namba yangu ndiyo wanayo." Akapita.

Paskazia alipoingia na kunusa udi, alimtazama Masuda mara moja tu, kisha akatazama zulia. Nyuma yake alikuja madam Atheer, msichana mwenye abaya nzuri na tableti kifuani, mpole, mwenye salamu ndefu. Alimwamkia Bi Zuwena kwa Kiarabu na kumshika mkono kwa mikono miwili, na Bi Zuwena akachanua. Kiarabu cha Masuda kilikuwa cha jikoni na cha sokoni. Cha ofisini kilimpita, na Paskazia alimfasiria kipande kipande alipokuwa akipita na sinia.

Bibi analala vizuri? Analala. Anakula? Anakula. Maumivu? Alhamdulillahi. Nani anamsaidia?

"Mwanangu," Bi Zuwena akasema, akampapasa Nabhan goti. "Mungu ampe kheri. Hanikosi."

"Tunamwangalia," Nabhan akaongeza. "Tunamgeuza, tunampa dawa. Sisi si watu wa kumtupa mzazi."

Masuda alikuwa anamimina kahawa. Hiyo "tuna, tuna" aliisikia bila mfasiri, akaendelea kumimina.

"Anaweza kusimama?" Atheer akauliza.

"Nasimama," Bi Zuwena akasema. "Masuda, njoo uchukue kikombe."

Masuda alijua kikombe si kikombe. Akaenda nyuma ya kiti. Mkono wake wa kulia ukapita chini ya shela, ukashika mkanda wa gauni mgongoni, kama ulivyozoea kushika kila walipokuja watu au zilipopigwa picha za harusi. Bi Zuwena akaweka mkono mzima kwenye kiti, akainuka. Kilichoinuka kilikuwa mkono wa Masuda. Kitu kikachomoka ndani ya tumbo lake, moto ukashuka mpaka pajani, na kikombe alichokishika kwa mkono wa kushoto kikalia juu ya kisahani chake.

"Ma sha Allah," Atheer akasema, akaandika.

Paskazia aliutazama ule mkono uliopotelea chini ya shela. Akamsemesha Atheer kwa sauti ya chini. Atheer akauliza tena, kwa upole, kama bibi husaidiwa kusimama. Bi Zuwena akasema, "Kidogo, uzee tu." Nabhan akasema, "Kidogo." Wa kusema alikuwa Masuda, naye alikuwa ameuma meno akingoja Bi Zuwena arudi kitini salama.

Alipopata pumzi ndipo aliposema. "Mwambie Jumapili nakatwa ngiri. Sitaweza kumnyanyua. Nataka mtu."

Nabhan akacheka kidogo, kicheko cha kuomba radhi kwa ajili ya mtu wa nyumbani. "Hayo mambo ya wanawake tutayamaliza wenyewe, madam."

Atheer hakucheka. Alitelezesha kidole kwenye tableti, akatafuta, na uso wake ukawa wa mtu aliyeombwa kitu ambacho duka lake halina. Paskazia akafasiri: "Anasema msaada wa ziada hutolewa hali ya mgonjwa ikibadilika, au hali ya mtunzaji ikibadilika. Hali ya bibi haijabadilika. Na hali ya mtunzaji imeandikwa nzuri. Mahitaji ya mtunzaji, hana."

"Mtunzaji yupi?"

Paskazia akachungulia tena tableti. "Mtunzaji ni Nabhan."

Kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji kwenye ndoo.

"Siku ile ya hospitali," Paskazia akaeleza, "aliyetia saini ni yeye, kwa sababu ni mtoto. Kuna nafasi ya jina moja. Kila mwaka wanaendeleza lile lile."

Atheer alikuwa ameshageuka kwa Nabhan na swali jingine. Maneno mawili matatu Masuda aliyashika, kazi, ruhusa, alasiri, akamtazama Paskazia.

"Anauliza kama ruhusa yake ya kazini bado inamtosha. Kituo kilimwandikia barua, hotelini wamruhusu Jumatatu na Jumatano mchana, aje kumhudumia mama."

"Inatosha, alhamdulillahi," Nabhan alikuwa anasema.

Masuda akaweka sinia chini. Jumatatu na Jumatano. Leo ilikuwa Jumatano, na ndiyo Jumatano ya kwanza kuuona uso wake tangu alipohama. Jumatano nyingine zote alikuwa na mke wake mdogo, amelala kiyoyozini kwa jina la mama yake, na yeye Masuda yuko huku anamgeuza huyo mama ubavu asitoke vidonda. Alidhani atapiga kelele. Alihisi baridi tu, na akili yake ikawa nyepesi namna ambayo haikuwa kwa siku nyingi.

"Muulize madam," akasema, "jina linaweza kubadilishwa?"

Linaweza, Atheer akajibu, na alionekana kufurahi kupata jambo analoliweza. Mtunzaji aliyeandikwa akubali kuondolewa, aandikwe mwingine, kisha huyo mwingine atathminiwe mahitaji yake. Akamgeukia Nabhan. Je, anakubali?

Nabhan aliitazama tableti. Jina likitoka, barua inakufa, na alasiri zinakufa nayo. "Hakuna haja," akasema. "Mama ni wangu. Watu wasije wakasema nimemkana."

"Sawa," Masuda akasema. "Basi Paskazia, msomee. Wote, tangu asubuhi mpaka usiku, kwa Kiswahili, mama naye asikie."

"Masuda," Nabhan akaanza.

"Si umesema ni wako? Usomewe kilicho chako."

Atheer akampa Paskazia tableti. Paskazia akasoma kwa sauti ya kanisani, wazi na bila haraka. Kumtoa kitandani: Nabhan. Kumpeleka chooni na kumsafisha: Nabhan. Kumwogesha: Nabhan. Kumvisha nguo za ndani na za nje: Nabhan. Kumpaka dawa mgongoni na makalioni: Nabhan. Alipofika hapo Atheer mwenyewe, aliyekuwa akifuata mistari kando yake, akainua uso. Alikuwa binti wa Kiislamu, aliyelelewa na bibi yake kama wengine, na alijua kama kila mtu chumbani humo alivyojua kwamba mtoto wa kiume hamvui mama yake nguo.

"Wewe ndiye unayemwogesha?" akauliza polepole.

Nabhan alishika ndevu. "Tunasaidiana. Familia."

"Nani katika familia?"

Alikuwa na nafasi ya kulisema jina. Masuda alikuwa amesimama pale pale, hatua chache kutoka kwake, na jina lake lina silabi tatu tu. Nabhan akasema, "Mimi ninasimamia."

"Basi autie saini huo mpango," Masuda akasema.

Akatia, kwa kidole, kwa hasira ya mtu anayedhani ameshinda. Masuda akangoja kidole kitoke kwenye kioo. "Mwambie madam nimeshukuru. Jumapili asubuhi nalazwa. Mtunzaji huyu hapa, kasaini mbele yenu."

"Anatania," Nabhan akasema.

Atheer akamtazama Masuda, akataka kusema kitu, lakini alichokuwa nacho mbele yake ni saini. Mlangoni Paskazia alichelewa kufunga viatu.

"Mkono niliuona, dada."

"Mbona madam hakuandika?"

"Bibi kasema anasimama. Mtunzaji kathibitisha. Na wewe ukafukiza udi." Akainuka. "Jumapili utakwenda kweli?"

"Nimwone wa kunirudisha."

Wageni walipotoka, na Nabhan naye akatoka bila kuaga, Masuda alimpeleka Bi Zuwena chooni. Mlango ukiwa umefungwa na maji yanatoka, bibi akauliza, "Kweli utaniacha?"

"Kweli, mama."

"Na Nabhan ataniogesha?"

"Si ndivyo alivyosaini?"

"Nitaoza na uchafu wangu, mwanangu haoni utupu wangu."

"Ungewaambia. Walikuuliza nani anakusaidia, ungesema Masuda. Neno moja."

"Mbele ya watu? Nimwaibishe mwanangu?"

"Na mimi je?"

Bi Zuwena alishangaa kweli. Hilo ndilo Masuda hakulisahau, kwamba haikuwa dharau, ilikuwa mshangao. "Wewe?" akasema. "Wewe ni wa nyumbani."

Jumapili Masuda alipanga pampasi mahali pa kuonekana, dawa kwa mpangilio wa asubuhi na jioni, sabuni, mafuta, taulo. Hasira yake haikufika kumlaza kizee juu ya mkojo. Akampigia Nabhan simu, akamwambia, "Natoka," akakata. Akakaa ngazi za chini na mfuko wake mpaka alipoona gari la hoteli limesimama nje, Nabhan anashuka, na mke mdogo nyuma yake ameziba pua kabla hata hajaingia kwenye lifti. Ndipo akaita teksi.

Kitandani hospitalini simu haikutulia.

"Mama hataki," Nabhan alikuwa anasema. "Amekaa tu. Hataki kuguswa na mimi, hataki kuguswa na mwenzio. Anasema hana haja. Tangu asubuhi anasema hana haja."

"Ana haja. Anajizuia. Ukiwa hapo hujizuia siku zote."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Mimi sijasoma, Nabhan. Yote yameandikwa. Kaulize wenye maandishi."

"Masuda, usinifanyie hivyo. Mimi ni mwanamume."

"Siku ya kusaini hukuwa?"

Akakata, akalala akitazama dari. Hakufurahi. Alimwona Bi Zuwena pale alipo, ameketi na shela yake mbele ya mwanawe kama mbele ya mgeni, tumbo limejaa, machozi yamekataa kutoka kwa sababu ya heshima. Akachukua simu, akampigia Nabhan tena, akataka apewe mke mdogo, mtu ambaye hajapata kusema naye, akamwambia: "Mtoe Nabhan chumbani. Mwambie akanunue kitu. Kisha sema, mama, tumebaki wanawake. Usimwangalie usoni. Mkono wako wa kulia ushike mkanda mgongoni, siyo kwapa, kwapa linamuuma." Upande wa pili sauti ndogo ikasema, "Haya, dada." Muuguzi wa wodini akamnyang'anya simu, akasema khalas mama, basi, mambo ya nyumbani yabaki nyumbani. Hapo hapo wakamsukuma kumpeleka kukatwa.

Kesho yake, alipoweza kusema, Paskazia alikuwa amekaa kando ya kitanda na nguo zake za kazi.

"Alipiga mwenyewe," akasema. "Nabhan. Jana hiyo hiyo, kabla ya magharibi. Kamwambia madam yeye siye mtunzaji, aondolewe jina. Madam kaja nyumbani bila kungoja miadi. Sikubisha hodi, kama nilivyoahidi. Tumeyaona."

"Mama yuko vipi?"

"Yuko sawa. Yuko na Rosina, wa kituo chetu. Atakuja asubuhi na jioni mpaka upone. Bibi kamwambia Rosina mikono yake ni mizito, mkwe wangu ananishika vizuri zaidi."

"Kamwambia Rosina."

"Eh."

"Kwangu hajawahi."

Paskazia akafungua simu yake na kumsomea mpango mpya. Kumtoa kitandani: Masuda, akipona. Kumwogesha: Masuda, akipona. Kumvisha, kumlisha, kumgeuza, dawa: Masuda. Hali ya mtunzaji: anaugua, asinyanyue. Mahitaji ya mtunzaji: msaidizi kwa muda. Masuda alisikiliza jina lake likipita mstari hadi mstari. Kwa miaka alitaka mtu alitaje jina hilo, na sasa lilikuwa linatajwa akaona linamkalia kifuani kama mtu mzima.

"Nabhan yuko wapi humo?"

"Hayumo. Kaomba atolewe kabisa."

"Mpigie madam."

"Dada, umetoka kukatwa jana."

"Mpigie. Siyo wa kutolewa kabisa. Nilisema aandikwe mwenye kufanya, sikusema mwenye mama afutwe. Jumatatu na Jumatano mchana kapewa ruhusa kazini kwa jina la mama yake. Wamwandike hizo. Hatamwogesha, Rosina atakuwa keshamwogesha. Akae naye. Ampe maji, ampe dawa ya mchana, amsikilize. Na kama hataki, barua ile wairudishe hotelini na waeleze kwa nini."

Ilichukua simu nyingi, na Atheer alisema sehemu hiyo haina nafasi ya majina mawili, kisha akasema inshallah, kisha siku iliyofuata akasema ameipata nafasi chini kabisa, panapoandikwa mengineyo. Nabhan alikataa, akauliza kuhusu barua, akajibiwa, akakubali.

Jumatano ile Masuda alikuwa nyumbani, amelala chumbani kwake, mlango umefungwa, kidonda kinavuta kila akikohoa. Sebuleni Bi Zuwena alikuwa kwenye kiti kikubwa, amevikwa shela nyeupe, kwa sababu alimlazimisha Rosina. Nabhan alikuwa amekaa mbele yake. Walikuwa wameshaulizana hali.

"Nipe maji," Bi Zuwena akasema mwishowe.

Masuda akasikia kiti kikisogea. Akasikia kabati la sahani likifunguliwa, siyo hilo. La viungo, siyo hilo. Droo ikavutwa mpaka ikatoka, vijiko vikamwagika sakafuni.

"Masuda," Nabhan akaita. "Bilauri ziko wapi?"

Zilikuwa juu ya jokofu, mahali pale pale zilipokaa tangu alipokuwa bi harusi wa nyumba ile. Masuda aligeuza kichwa ukutani. Akasikia vijiko vikiokotwa kimoja kimoja, na Bi Zuwena akikohoa kwa kiu, na akauma ncha ya foronya ili asiinuke.